Kilio Kisicho na Toba

Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, siku chache kabla ya kuonyeshwa Cannes, ambako ilikuwa filamu ya kwanza kutoka Kenya kuingia kwenye orodha rasmi ya tamasha lile. Marufuku hiyo wengi wanaikumbuka. Kinachosahaulika ni maelezo ya Kahiu mwenyewe kuhusu alichotakiwa kufanya: abadilishe mwisho. Katika filamu ile Kena na Ziki wanatukanwa, wanapigwa na umati, wanatenganishwa, mmoja anapelekwa London. Maumivu yamejaa tele na hayakumkera mtu. Kilichokera ni kwamba dakika za mwisho zina tumaini, na wasichana wale hawaonekani kujuta.

Naianzia sura hii hapo kwa sababu ya dhana moja ambayo huwapata karibu waongozaji wote chipukizi wanaotaka kusimulia mapenzi ya jinsia moja katika ukanda wetu. Hujiambia hivi: mapenzi yatawaudhi watu, basi nitasimulia msiba. Nani atamkasirikia mtu anayelia? Hoja ina akili ndani yake. Kila mtu amezika. Mama wa Kigamboni ambaye hawezi kutazama wanawake wawili wakishikana mikono anaweza kabisa kumtazama mwanamke anayefunga nguo za marehemu kwenye mfuko wa shangazi kaja.

Lakini njia hiyo ina mtego, na kisa cha Rafiki kinauonyesha ulipotegwa. Mkaguzi hakuwa adui wa huzuni. Aliitaka iongezwe, mradi iwe huzuni ya mkosaji. Mpenzi wa jinsia moja anayelia mwishoni mwa filamu ndiye mhusika aliyeombwa na bodi, ndiye anayehubiriwa Jumapili, ndiye ambaye wengi wetu tumemzoea kwenye tamthilia za mitaani: katenda, kalipwa, kalia, mwisho. Mwongozaji anayetaka kuomboleza kwa haki ana kazi ngumu kuliko anavyodhani. Lazima mtazamaji aone kwamba huyu analia kwa sababu amefiwa, wala si kwa sababu amekosa. Machozi ni yale yale. Tofauti lazima ijengwe na kila kitu kingine kilichomo kwenye picha.

Mwaka huo huo wa 2018 Kenya ilitoa filamu nyingine ya msiba, Supa Modo ya Likarion Wainaina. Jo ni msichana mdogo anayeugua ugonjwa usiopona na anayetamani kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaingia kazini kumtimizia ndoto hiyo. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany aliiruhusu Rafiki ionyeshwe kwa siku 7 tu ili itimize masharti ya kuweza kuteuliwa kwenda Oscar. Watu walipanga foleni Nairobi, tiketi zikaisha, kisha kamati ya uteuzi ikaipeleka Supa Modo. Sina ugomvi na uteuzi huo, maana Supa Modo ni filamu nzuri. Ninachokitazama ni jinsi msiba ulivyogawanywa. Jo anapokufa ana kijiji cha kumlilia. Hakuna anayeuliza kama machozi ya mama yake yana uhalali. Ukitaka kujua filamu ya msiba ya wapenzi wa jinsia moja inahusu nini hasa, usianzie kwenye mapenzi. Anza na swali la kijiji: nani anaketi wapi?

Sisi huku misiba yetu ina mpangilio, na mpangilio huo hauna huruma. Wapo wafiwa walioketi ndani kwenye mkeka. Wapo walio chini ya turubai. Wapo wanaoandika rambirambi kwenye daftari, wanaochimba kaburi, wanaopika nyuma ya nyumba. Kisha inasomwa historia fupi ya marehemu, na kila aliyewahi kuisikiliza anaujua mtiririko wake: alizaliwa lini, alisoma wapi, alianza kuugua lini, ameacha mjane na watoto kadhaa. Msema chochote anaita kwa zamu watu wa kuweka udongo: wazazi, mjane, watoto, ndugu, wafanyakazi wenzake, majirani. Mtu aliyeishi na marehemu miaka 9 kama mke wake, au kama mume wake, huitwa pale marafiki wanapoitwa, tena akibahatika. Wakati historia inasomwa yeye yuko nyuma anaosha masufuria. Ukinipa kamera na siku moja tu ya kazi, ningeiweka pale kwenye masufuria, na kipaza sauti ningekiacha kule mbele. Historia ingesikika yote, neno kwa neno, mpaka mwisho, na uso ungebaki wa yule asiyetajwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na sidhani kama yupo mwalimu wa uandishi wa filamu aliyewahi kutoa somo fupi kuliko hilo. Mapenzi yaliyofichwa miaka yote huwa hatarini zaidi siku ya msiba, kwa sababu siku hiyo kulia kwa kiasi kisichokuhusu ni ushahidi. Rafiki halii hivyo. Mpangaji mwenza halii hivyo. Kwa hiyo mfiwa wa siri anapima machozi yake, na kupima huko ndiyo drama. Mwigizaji anayeweza kuonyesha mtu anayezuia kilio atakufaa kuliko kumi wanaojua kupiga mayowe. Filamu zetu za Bongo zina mayowe ya kutosha, nasema hivyo kwa heshima zote.

Picha halisi yenye nguvu kuliko zote za msiba wa namna hii katika Afrika Mashariki haikuigizwa. Januari 3, 2011, mahakama mjini Kampala iliwapa ushindi David Kato na wenzake wawili dhidi ya gazeti lililokuwa limechapisha picha za watu na kutaka wanyongwe. Januari 26 Kato, mwalimu aliyegeuka mtetezi wa haki, aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Siku 2 baadaye alizikwa kijijini Nakawala. Mhubiri aliyekuwa akiongoza ibada akaanza kuwashambulia kwa maneno marafiki wa marehemu mbele ya jeneza lake, nao wakaenda kumnyang'anya kipaza sauti. Wanakijiji wakakataa kuzika. Marafiki wakalibeba jeneza wenyewe wakaenda kulizika, na Askofu mstaafu Christopher Senyonjo akaomba kaburini. Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall, waliokuwa wamerekodi mwaka wa mwisho wa maisha ya Kato bila kujua kuwa ni wa mwisho, waliyaweka mazishi hayo katika Call Me Kuchu, filamu iliyopata tuzo ya Teddy mjini Berlin mwaka 2012.

Hebu fikiria walichofanya wale marafiki kwa macho ya mwongozaji. Mhubiri aliwataka watubu hapo hapo, kaburi likiwa wazi. Wao walikuwa wanalia kuliko mtu yeyote pale, na wakakataa. Kilio na ukaidi kwenye mwili mmoja, kwa wakati mmoja. Hicho ndicho ninachokiita kilio kisicho na toba, na waongozaji wale hawakukibuni. Walikikuta.

Hadithi ya kubuni haiwezi kushindana na hilo na haipaswi kujaribu. Nimeona miswada inayojaribu: mhubiri mkali, umati, mawe, damu. Inageuka kuwa ripoti ya habari iliyopakwa wanja. Filamu fupi ina dakika 12 au 15, na nguvu yake iko kwenye jambo ambalo habari haiwezi kulibeba. Hapo mwalimu wangu ni mwandishi, si mtu wa filamu. Januari 18, 2014, siku aliyotimiza miaka 43, Binyavanga Wainaina alichapisha I Am a Homosexual, Mum, akaiita sura iliyopotea ya kitabu chake cha kumbukumbu cha 2011. Wengi waliisoma kama tangazo. Isome tena kama mswada wa filamu, utaona imesimama juu ya matukio mawili. Katika la kwanza mwana yuko kando ya kitanda cha mama yake anayekufa, na anamwambia. Katika la pili tunapewa ukweli: mama alikufa mwaka 2000, mwana alikuwa Afrika Kusini, hakuwahi kufika, hakuwahi kusema. Tukio lisilotokea limewekwa mbele, lililotokea nyuma. Hakuna muziki, hakuna mhubiri, hakuna umati. Msiba wa mama na siri ya mwana vimefungwa fundo moja ambalo kifo kimeondoka na ncha yake. Binyavanga naye alifariki Mei 21, 2019, na nchi yake ilimlilia hadharani kwa namna ambayo wahusika wa sura hii wengi hawataweza kumlilia mtu wao.

Sasa twende Itiryo.

Itiryo ni kata ya wilaya ya Tarime, mkoani Mara, kwenye nyanda za juu za Wakurya karibu na mpaka wa Kenya. Ni nchi ya baridi kiasi, ya mahindi, migomba na kahawa, na zaidi ya yote ni nchi ya ng'ombe. Nimeichagua kwa sababu ya kitu ambacho wageni wengi wameshakipiga picha vibaya: nyumba ntobhu. Mwanamke, mara nyingi mjane, ambaye nyumba yake haikupata mtoto wa kiume, anatoa mahari ya ng'ombe na kuoa binti. Binti huyo anahesabika kama mke wa mwana ambaye nyumba hiyo haikumzaa. Anapata watoto na mwanaume wa nje, na watoto ni wa nyumba. Aliyewazaa hana dai juu yao. Ardhi inabaki, jina linabaki, bibi anatunzwa uzeeni. Desturi kama hiyo ipo pia kwa Wakurya wa upande wa Kenya, kwa Wanandi, Wakipsigis na Wakamba.

Waandishi kutoka nje walipoigundua walifurahi kupita kiasi. Wanawake wanaooana Tanzania, nchi ambayo Kanuni yake ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachofika maisha! Kichwa cha habari kilijiandika chenyewe. Lakini Wakurya wakiulizwa hujibu bila kusita kwamba nyumba ntobhu haina uhusiano na tamaa ya mwili kati ya wanawake wale wawili, na mwongozaji anayefika kule na bendera ya upinde wa mvua mfukoni atakuwa amewaongopea wenyeji na watazamaji wake. Vile vile desturi yenyewe si bustani. Mara nyingi aliyeolewa ni binti wa familia maskini, ng'ombe wanaingia kwenye zizi la baba yake, umri wake ni mdogo, na mwanaume wa kuzaa naye anaweza kuchaguliwa bila yeye kuulizwa, pamoja na hatari zote za maradhi. Wapo pia waliowaambia waandishi wa habari kwamba waliipenda nyumba ya bibi kuliko nyumba ya mume anayepiga. Zote mbili ni kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiitambui desturi hiyo hata kidogo, kwani kwake ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke.

Ila liangalie boma hilo siku bibi anapokufa.

Yule mke mdogo ana mahali pa kuketi. Kila mtu anajua yeye ni nani wa marehemu. Watoto wake wanaitwa kwa jina la nyumba ile. Kunaweza kutokea ugomvi na ndugu wa marehemu juu ya shamba, na hutokea. Lakini ugomvi huo ni wa mtu mwenye dai dhidi ya watu wenye dai. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa ilikabiliwa na shauri la namna hiyo kutoka kwa Wanandi, na Jaji J. B. Ojwang akakubali kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila, pamoja na watoto wake, ni warithi halali wa marehemu. Yaani mwanamke mmoja anafiwa na mwanamke mwenzake, na kijiji, hata mahakama, vinamhesabu kuwa mfiwa.

Hapo nikaiona filamu kichwani. Nitaieleza kwa urefu kidogo kwa sababu ndiyo hoja yangu yote, na yeyote anayetaka kuichukua na aichukue.

Bibi wa nyumba ntobhu amekufa Itiryo. Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa mbali na sasa ni marehemu, na binti huyo aliacha mtoto wa kike anayeishi Mwanza. Mjukuu huyu, mwenye umri wa miaka 30 hivi, anafika kuzika. Miezi michache nyuma amefiwa na mwanamke aliyekuwa akiishi naye Mwanza, na kwenye msiba ule alikuwa nyuma na wapishi. Hapa Itiryo anapokelewa vizuri, analetewa kiti, lakini anapoingia ndani anamwona mke wa bibi yake, mwanamke anayemzidi miaka michache tu, ameketi kwenye mkeka, mbele, na akina mama wa kijiji wanamjia mmoja mmoja kumpa pole. Mjukuu anamwonea wivu. Wivu msibani: hisia ya aibu kiasi kwamba hawezi kumwambia mtu yeyote, hata sisi.

Hapo pana jambo ambalo hotuba haiwezi kulibeba. Mwenye mkeka huenda hakupenda kamwe. Aliletwa kwa ng'ombe akiwa binti mdogo. Aliyependa hakupewa mkeka. Hakuna kati yao mwenye kosa, na hakuna anayeweza kumpa mwenzake alichonacho. Filamu haihitaji kudai lolote kuhusu kilichokuwa kati ya bibi na mke wake. Inaweza kuliacha swali hilo kwenye mikono ya Wakurya wenyewe, ambako ndiko liliko.

Tutajuaje kuhusu yule wa Mwanza? Kwa simu. Mjukuu ana ujumbe wa sauti wa WhatsApp ambao hajaufuta. Usiniandikie maneno ya mapenzi hapo, nitaurarua mswada. Sauti iseme: ukipita dukani chukua unga, na geti usilifunge, nachelewa. Basi. Mtu hasikilizi mara 20 maagizo ya unga yaliyotoka kwa mpangaji mwenzake. Na simu iishe chaji, waibebe kwenda dukani kwenye umeme wa jua, iachwe kwenye foleni ya simu nyingine, muuza duka aibonyeze bila kukusudia. Sauti ya marehemu itoke dukani, mbele ya watu, ikiagiza unga. Mficha maradhi.

Kisha kuna ng'ombe. Bibi alikuwa akimkamua mwenyewe kila asubuhi, na ng'ombe aliyezoea mkono mmoja hubana maziwa akishikwa na mgeni. Mke mdogo anajaribu, ng'ombe anabana. Ndama analetwa aanze kunyonya, maziwa yanashuka kidogo, yanakata. Asubuhi ya pili mambo ni yale yale. Watu wa msiba wanataka chai. Asubuhi ya tatu mke mdogo anajifunga kitenge cha marehemu ambacho hakijafuliwa, anainama ubavuni mwa ng'ombe, na mjukuu ndiye anayeshika kamba. Hawa wawili hawajazungumza lolote la maana tangu filamu ianze na hawatazungumza. Kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo inafanywa na watu wawili waliofiwa, kila mmoja na wake. Hakuna anayetubu kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Gharama? Boma moja, waigizaji wawili wa kweli, wanakijiji wa kuketi na kuimba, siku chache za kazi, kamera ya kawaida ya picha inayorekodi video. Stories of Our Lives, filamu fupi 5 za kikundi cha The Nest cha Nairobi zilizotoka mwaka 2014, zilitengenezwa na watu wachache ambao wengi wao hawakuwa wanafilamu, kwa picha nyeusi na nyeupe, zikatoka kwenye simulizi za kweli walizokuwa wamezikusanya. Katika mojawapo, Athman, vibarua wawili wa shambani wanaachana bila mtu kufa, na bado ni filamu ya kufiwa. Mhusika ghali kuliko wote kwenye filamu yangu atakuwa ng'ombe. Lazima awe ananyonyesha kweli, lazima mwenye ng'ombe asimame nyuma ya kamera, na haijalishi mwongozaji ana shahada gani, ratiba itapangwa na ndama.

Tabu kubwa si fedha. Waliotengeneza Stories of Our Lives walificha majina yao mpaka walipofika Toronto; waliporudi, filamu ilipigwa marufuku nyumbani na mtayarishaji George Gachara akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni. Tanzania nayo ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na kibali ni lazima kabla kamera haijawashwa. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsia moja. Serikali ilisema hayo ni maoni yake binafsi, lakini watu walikuwa wameshahama nyumba zao. Uganda ilipitisha sheria ya 2023 inayofikia miaka 20 kwa kile inachokiita kuhamasisha. Sitamshauri mtu yeyote aliye chini ya miaka 25 ajitoe mhanga kwa ajili ya dakika 15 za picha. Ushauri wangu ni mdogo zaidi: andika kwenye mswada kile tu kitakachoonekana. Mazishi ya bibi, simu iliyoishiwa chaji, ng'ombe aliyebana maziwa. Huo si ujanja, kwa sababu kwa kweli hakuna kingine. Mkaguzi akiuona wivu wa mjukuu, basi ameitazama filamu vizuri kuliko wahakiki wengi, na uamuzi wake utakuwa umetokana na filamu yenyewe.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni wale wanaobaki. Mwongozaji ataondoka na gari lake kuelekea Sirari au Musoma, na wanawake wa nyumba ntobhu watabaki Itiryo na filamu iliyopigwa kwenye mlango wao. Leo hakuna anayewanyooshea kidole. Inatosha tamasha moja la Ulaya kuandika kwenye kijitabu chake kwamba hii ni filamu ya wapenzi wa jinsia moja wa Kikurya, habari ikarudi kupitia simu ya kijana mmoja, na wajane waliokuwa na heshima yao wakaamka na jina jipya mtaani. Kwa hiyo: boma lijengwe au likodiwe kwa watu wasiohusika na desturi hiyo, mke mdogo awe mwigizaji kutoka mji mwingine anayekijua Kikurya, jina la kata lisitajwe ndani ya filamu wala kwenye matangazo yake. Na anayetaka kwenda na kamera kuwahoji wanawake wenyewe, afanye hivyo kwenye kazi nyingine, kwa masharti yao, akiwaeleza mapema picha zitafika wapi.

Kuhusu nyuso, upo mfano wa mbali ambao naurudia kila mara. Derek Jarman, Mwingereza, alipokuwa anapoteza uwezo wa kuona kutokana na UKIMWI, alitengeneza Blue mwaka 1993: dakika 79 za rangi ya buluu tupu, na sauti juu yake. Wapenzi na marafiki waliokufa wanatajwa, hakuna anayeonekana. Ugonjwa ndio uliomfikisha pale. Sisi tunaweza kufikishwa na sheria. Mwanamke wa Mwanza katika filamu yangu haonekani popote, hana picha hata ukutani. Ni sauti inayoagiza unga. Mwanzoni nilimwondoa kwa tahadhari, maana uso mmoja pungufu ni mtu mmoja salama. Nikaja kuona kwamba hata pasingekuwa na hatari yoyote ningemwondoa.

Muziki ni ugomvi nitakaoupata na mhariri wangu. Kila filamu inayopigwa Tarime inaishia na litungu, na mimi nalipenda litungu, nyuzi zake 8 na ule mngurumo unaotikisa kifua. Lakini likipigwa juu ya uso wa mtu anayelia linamwambia mtazamaji la kuhisi, tena kwa kumpigia kelele. Ningemruhusu mpigaji afanye jambo moja tu: akaze nyuzi. Alete chombo msibani, akae nje, akikaze kwa dakika nzima huku watu wakihamisha viti, na kabla hajapiga wimbo wowote tuwe tumeshahamia kwenye zizi.

Halafu filamu itaonyeshwa wapi? Berlin wataipokea, Toronto wataipokea, na watazamaji watatoka wakizungumzia ng'ombe. Ninapotaka mimi ionyeshwe ni kwenye banda la video mjini Tarime, benchi za mbao, feni moja, na yule msimulizi wa kutafsiri aliyerithi kazi ya Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu za video, anayezungumza juu ya picha tangu mwanzo mpaka mwisho kwa sababu kimya kwake ni hasara. Dakika 15 zenye maneno machache zitamtesa. Dar es Salaam angelazimika kusimamisha filamu katikati aeleze kwa nini huyo mwanamke ameketi kwenye mkeka wa mjane, na nusu ya banda ingebishana naye. Hapo Tarime asingeeleza chochote, mwanamke huyo wangemjua mara moja. Wangemtaka awaeleze huyu mwingine, huyu wa Mwanza aliyeshika kamba, mbona macho yamemvimba hivyo kuliko mwenye msiba, na yeye, mkono mmoja kwenye kipaza sauti, angelazimika kusema kitu.